Lango Lingoje, Paa Kwanza

Mhariri amenipa nafasi katika kurasa za Kiswahili, nami nataka kuitumia kupinga jambo ambalo wanafunzi wenzangu wa zamani wamelipigia makofi. Katika mkutano wetu wa mwisho lilikatwa shauri la kuchanga fedha tujenge lango jipya la shule, lenye nguzo mbili za mawe na jina la shule kwa herufi za shaba. Lango ni jambo zuri. Walakini mimi nasema lingoje, maana mabweni yetu bado yana mapaa yaliyowekwa tu juu ya kuta, kama kofia juu ya kichwa.

Walio wa rika langu hawajasahau alasiri moja ya mwezi wa Aprili, mwaka 2009. Joto lilikuwa jingi tangu asubuhi. Yapata saa tisa wingu jeusi lilipanda, na mara upepo wa baridi ukaja na vumbi kabla ya hata tone moja la mvua. Sisi tuliokuwa bwenini tulikimbilia madirishani kutazama, wajinga sisi. Tulisikia misumari ikilia, kisha upande mzima wa paa ukanyanyuka, mbao pamoja na mabati, ukaenda kuangukia uwanja wa mpira. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikimbilia chini ya mwembe alikatwa na bati nyuma ya goti, na hata leo huchechemea. Siku ya pili yake tuliambiwa kwamba ni kazi ya Mungu. Mafundi wakaja, wakanyosha mabati yale yale, wakayapigilia pale pale.

Mimi sipendi kumsingizia Mungu kazi ya fundi. Upepo upitao juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi penye pembe, kingo na kilele. Dirisha la upande unakotoka upepo likiwa wazi, hewa huingia na kulisukuma paa kutoka ndani pia. Tena mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu zake huongezeka mara nne. Kwa hiyo paa lililovumilia pepo za miaka kumi halijathibitisha kwamba litavumilia ule wa kesho. Dawa yake haina siri. Mikanda ya chuma hufungwa kwenye kenchi, ikashuka na kushikwa ndani ya ukuta, kozi kadhaa za matofali chini, ili upepo ukilitaka paa uwe na kazi ya kuuinua na ukuta. Kingoni misumari hupigwa karibu karibu. Mawe na magurudumu mabovu tunayoyapanga juu ya mabati hayafungi kitu. Paa likiondoka, nayo huwaangukia watu.

Wako watakaosema kwamba upepo wa namna ile huja mara chache. Lakini huku kwetu Uganda hauji peke yake. Ni hewa baridi inayomwagika kutoka katika wingu lile lile lenye radi. Mwezi wa Juni 2011 radi iliwaua watoto 18 na mwalimu mmoja katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Novemba 2024, huko Palabek katika wilaya ya Lamwo, watu 14 waliuawa wakiwa wamekusanyika kwa ibada ndani ya jengo la mabati. Kwa hiyo naomba ukumbi wetu mkubwa nao upewe fimbo ya kukinga radi, yenye waya unaoshuka hadi ndani ya ardhi, na kila mwanafunzi ajue kwamba huko ndiko kwa kukimbilia.

Nanyi mlioko shuleni sasa, kengele ya moto mnaijua, lakini nani amewafundisha la kufanya mwonapo vumbi lile? Dakika zile ni chache. Fungeni madirisha, kaeni mbali na vioo, wala mtu asiende chini ya mti. Msibaki uwanjani eti mvua haijafika. Ngurumo ikisikika, radi yaweza kuwafikia, na mchezo usianze tena mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nahodha atanung'unika. Mimi nilikuwa nahodha, nami nilinung'unika sana.

Fundi niliyemwuliza alipiga hesabu akaniambia kwamba gharama ya nguzo moja tu ya lango ingetosha mikanda ya bweni zima. Nimekwisha kumpelekea mweka hazina mchango wangu, na juu ya bahasha nimeandika: "Wa paa, si wa lango." Akiurudisha, nitamwomba Mhariri nafasi nyingine.