Daftari la kikundi si tangazo la ukutani

Wandugu wasikilizaji, nanyi familia mliokimbilia Lubumbashi, leo tuseme wazi: kikundi hakina haki ya kutangaza majina ya memba wake bila kuwauliza.

Uwe shabiki wa Mazembe ama wa Lupopo, uwe wa kwaya ama wa karate, siku ya kuingia unaandikisha jina, namba ya simu, avenyi na asili yako. Unampa sekretari ili akuite mazoezini, na wenzako wajue kwako siku ya kilio. Hukuwapa watu wote wa Kamalondo, Katuba na Ruashi. Basi kwa nini daftari linapigwa picha na kutupwa kwenye WhatsApp?

Wakubwa wa vikundi wanajibu: asiye na kosa anaficha nini? Anaficha mlango wa nyumba yake. Mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji hana kosa. Familia iliyokimbia vita haina kosa. Tena namba ya simu siku hizi ni mfuko wa pesa: tapeli akijua jina lako na kikundi chako, anakupigia akijifanya sekretari.

Na asili inaandikwa ya nini? Mji huu unajua uzito wake. Mwaka 1992 na 1993, jimbo likiitwa bado Shaba, maelfu ya familia za asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Hawakuulizwa wamefanya nini. Waliulizwa wametoka wapi.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za mtu na inaheshimu ridhaa yake.

Wengine wanasema: tulitangaza, hakuna aliyekataa. Mtu aliyefika mjini juzi, asiye na ndugu hapa, atakataa mbele ya nani? Kunyamaza kwake si kukubali.

Tunaomba mambo matatu. Daftari libaki kwa sekretari. Anayemtafuta memba apitie kwake, naye amuulize memba kwanza. Asili ifutwe. Picha zilizokwisha kutumwa zifutwe wiki hii.

Nanyi memba, ulizeni kwenye mkutano ujao: jina langu liko wapi, na nani analisoma?