Kabla hujamkata mtoto udata, uliza kuhusu ubongo wake

Mtoto ana miaka minne. Ukimtuma kandambili za baba, analeta za baba, si za mama. Lakini hasemi. Anatoa sauti tu, mate yanamtoka mchana kutwa mpaka shati linaloa kifuani, na nyama inamshinda kutafuna. Mama yake aliponisimulia haya alikuwa ameshahangaika sana: mtoto alikatwa udata, ule ugozi wa chini ya ulimi, na bado hakusema. Nyumbani anaambiwa avute subira, eti hata baba yake alichelewa kusema.

Simlaumu mama huyo. Lawama kubwa ni yetu sisi watoa huduma, tunaoutazama ulimi na kusahau kinachouendesha.

Maoni yangu ni haya: mtoto anayeelewa vizuri lakini hasemi, huku akitokwa mate na kushindwa kutafuna, apimwe masikio, kisha achunguzwe ubongo, kabla mtu hajashika mkasi.

Gamba la nje la ubongo hutengenezwa mimba ikiwa bado changa. Seli huzaliwa ndani, husafiri kwenda juu, na baadaye gamba hujikunja. Kazi hiyo ikiharibika, pengine kwa hitilafu ya vinasaba, virusi vya CMV au damu kutomfikia vizuri mtoto tumboni, mikunjo hutoka midogo mno na mingi kupita kiasi. Wataalamu huiita polimaikrogairia. Ikitokea pande zote mbili, kwenye eneo linaloongoza midomo, ulimi na koo, ulimi wenyewe huwa mzima ila amri hazifiki inavyotakiwa. Mwaka 1993 jarida la kitabibu la Lancet lilieleza wagonjwa 31 wa namna hiyo. Wote walikuwa na udhaifu wa misuli ya uso, ulimi na koo, na wengi wao walikuwa na kifafa. Mama hakurogwa, wala hakula kitu kibaya.

Kwenye vipimo ndipo wazazi wengi hupoteza fedha. CT-Scan ni ya haraka na gharama yake ni nafuu, lakini mikunjo hiyo midogo inaweza isionekane, mkarudishwa nyumbani na jibu kwamba kila kitu ni sawa. Kipimo kinachoonyesha vizuri zaidi ni MRI. Hakina mionzi, ila mtoto lazima atulie muda mrefu, ndiyo maana wadogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi. Na akipigwa picha akiwa chini ya miaka miwili, ubongo bado unakomaa na tatizo linaweza kujificha. Daktari akitaka irudiwe baadaye, msidhani anatafuta hela.

Hata hivyo, msiisome picha hiyo kama hukumu ya mahakama. Watoto wawili wenye picha zinazokaribia kufanana, mmoja anaweza kuja kuongea sentensi na mwingine akabaki na maneno machache. Tena gamba lenye mikunjo hiyo si lazima liwe limekufa. MRI inayofuatilia ubongo ukiwa kazini imewahi kuonyesha lugha ikiendeshwa humo humo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosubiri MRI ndipo waanze mafunzo. Foleni na gharama zinaweza kula mwaka mzima, na umri wa kujifunza lugha hausubiri. Mtafuteni mtaalamu wa tiba ya usemi sasa. Akiwa mbali, anzeni na ishara za mikono na daftari la picha: kikombe, choo, kitanda, mpira. Wapo wanaohofia kwamba ishara zitamfanya mtoto mvivu wa kusema. Si kweli, humpa njia ya kuomba maji bila kulia. Wakati wa kula akae wima na chakula kiwe laini, asije akapaliwa.

Siku ya kwenda hospitali, nenda na video fupi kwenye simu: mtoto akila, akijaribu kusema, na kama huwa anakodoa macho ghafla au kushtuka-shtuka, mrekodi pia. Kifafa si lazima aanguke chini, na daktari akikiona kwenye simu hiyo anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa ubongo siku hiyo hiyo.