Chuo Kikifungwa, Jembe Lisilale

Wanafunzi wetu,

Alhamisi chuo kikifungwa, wengi wenu hukimbilia mpira na barazani. Hatukatazi. Lakini ukuta wa nyumbani uliobanduka nani aukandike?

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika na kuwa shamba kuu la karafuu. Mikarafuu mikongwe tunayochuma leo ilipandwa na wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mche huchukua zaidi ya miaka mitano kuzaa. Tusipopanda sasa, wadogo zetu watachuma nini?

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas (R.A.) kuwa Muislamu akipanda mti, anacholiwa na mtu, mnyama au ndege ni sadaka yake. Basi Ijumaa asubuhi, kabla ya kukoga kwa sala, pandeni japo mche mmoja.

Wabillahi tawfiq.