Kiti cha Mgeni Kisijazwe

Katika chama chetu cha michezo kumezuka hoja ambayo naona yafaa iletwe mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, wanafunzi na walimu, na hata wazazi wanaolisoma nyumbani. Muhula ujao tumekusudia kuwaalika wanafunzi wa shule jirani waje kucheza nasi, siku nzima, michezo ya hadithi ya mezani. Wenzetu wengine wasema viti vyote vigawiwe mapema kwa wale wanaoujua mchezo, ili meza ziende vizuri na shule ipate sifa. Wengine wasema baadhi ya viti viachwe kwa ajili ya watu wasiojulikana, watakaokuja peke yao. Mimi ni mmoja wa hao wa pili, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa faida ya wale wasiopata kuuona. Watu watano au sita huizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye huieleza nchi ya hadithi, hatari zilizomo, na watu wanaokutwa njiani. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa katika karatasi: jina lake, nguvu zake, udhaifu wake na vitu alivyobeba. Msimulizi husema, "Mmefika ukingoni mwa mto, na daraja limekatika. Mwafanyaje?" Kila mchezaji hujibu kwa niaba ya mhusika wake. Jambo likiwa la mashaka, hutupwa dadu, nayo ndiyo huamua kama mrukaji amefika ng'ambo au ametumbukia majini. Hapana fedha ya kuwekeana. Nasema hili hasa kwa wazazi, maana wengine wakisikia neno dadu hudhani kwamba ni kamari. Si kamari hata kidogo. Hapa hashindi mtu mwenziwe. Wote hushinda au hushindwa pamoja.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Waliouunda ni Gary Gygax na Dave Arneson. Lakini kabla ya mchezo huo ulikuwapo mkutano. Mwaka 1968 Gygax alikodi ukumbi uitwao Horticultural Hall katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, akawakusanya wapenzi wa michezo ya vita ya mezani. Walihudhuria watu wapatao mia moja. Mkutano huo ukaitwa Gen Con. Mwaka uliofuata, 1969, alifika Arneson kutoka jimbo la Minnesota, na hapo ndipo yeye na Gygax walipokutana. Miaka mitano baadaye mchezo wao ukatoka. Tazameni, basi: mchezo huu tunaogombania viti vyake umezaliwa kwa sababu mtu wa mbali aliingia ukumbini akapata mahali pa kukaa. Kama viti vile vingaliwekwa kwa marafiki wa Lake Geneva peke yao, huenda leo tusingalikuwa na jambo la kubishania.

Mkutano ule haukufa. Tangu mwaka 2003 hufanyika katika mji wa Indianapolis, na mwaka 2023 walihudhuria watu zaidi ya 70,000 kwa muda wa siku nne. Katika umati kama huo, mtu asiyemjua yeyote angeweza kuzunguka kutwa akitazama meza za wengine. Wenye mkutano walilitambua jambo hili, na taratibu zao zafaa tuzijue.

Kila kipindi cha mchezo huandikwa katika orodha kabla ya siku ya mkutano. Huandikwa jina la mchezo, saa ya kuanza, muda wake, idadi ya chini ya wachezaji na idadi ya juu. Tena huandikwa jambo ambalo kwangu mimi ndilo lililo kubwa kuliko yote: kiasi cha ujuzi unaotakiwa. Vipo vipindi vya mabingwa, na vipo vipindi ambavyo orodha yasema wazi kwamba ujuzi hautakiwi, kwa kuwa kanuni zitafundishwa papo hapo mezani. Mgeni asoma, ajua pa kwenda, wala haoni haya. Zaidi ya hayo, iko tiketi ya jumla isiyotaja meza yoyote. Mwenye tiketi hiyo husimama karibu na meza, na mtu aliyeandikiwa kiti asipotokea, yeye hukikalia. Liko pia kundi liitwalo Games on Demand, ambalo hungoja watu waje, huwaonyesha michezo iliyopo saa ile, nao huchagua wautakao. Mambo yote haya yamefanywa kwa ajili ya mtu mmoja: yule aliyekuja peke yake.

Wenzangu wanaopinga hunijibu kwamba mgeni huichelewesha meza. Sikatai kwamba yawezekana. Tunapocheza wenyewe kwa wenyewe jioni za Jumamosi, twaweza kuanza tukitaka na kuacha tukichoka, na hadithi isiyokwisha leo hungoja juma lijalo. Siku ya mkutano mambo si hivyo. Meza ina saa zake. Zikiisha, kundi jingine limesimama mlangoni. Lakini tatizo hilo ni la maandalizi, wala si la mgeni. Msimulizi asiyepanga saa zake atachelewa hata akizungukwa na mabingwa watano. Aliyejipanga atamaliza hata kama watatu kati ya watano hawajapata kuishika dadu.

Na jinsi ya kujipanga yajulikana. Wahusika na waandikwe mapema, kila mmoja katika karatasi moja, ili mgeni achague na kuanza, badala ya kupoteza saa nzima akimwumba wake. Kanuni zisihubiriwe zote mwanzoni. Kila moja ifundishwe pale inapohitajiwa. Hadithi iwe fupi, yenye mwanzo, katikati na mwisho, na iwe na sehemu moja ambayo msimulizi aweza kuiruka saa zikimbana bila ya mtu kuhisi pengo. Na wanachama wenye ujuzi wakiwa pamoja na mgeni mezani, wamsaidie anapouliza, lakini wasimwamulie. Mchezaji akiambiwa kila mara "fanya hivi, tupa hii", basi huyo hachezi, ametumwa tu.

Hoja nyingine niliyoisikia ni hii: tufanye mashindano, meza ya mabingwa ishindane na meza nyingine, na washindi wapewe zawadi. Mashindano ni jambo la kale katika mchezo huu. Mwaka 1975, katika mkutano wa Origins uliofanyika Baltimore, ilichezwa kwa mashindano hadithi ya Tomb of Horrors aliyoiandika Gygax mwenyewe, hadithi kali iliyojaa mitego ya mauti, na mwaka 1978 ikachapishwa ili watu wote waipate. Mimi sina ugomvi na mashindano. Twaweza kujifunza kwao jambo la maana, yaani wahusika walioandikwa tayari na hadithi moja kwa meza zote, ili kila mtu apate sawa na mwenziwe. Lakini mashindano ni chekecheke: kazi yake ni kuwatoa watu nje. Siku ya kwanza ya kuwaalika jirani, sioni sababu ya kuanza kwa kuwatoa watu nje. Na tuanze kwa kuwaingiza. Mashindano yaweza kuja mwaka mwingine, tutakapokuwa na watu wa kutosha wa kushindana.

Sasa niseme hesabu yangu, ili nisionekane kwamba natoa maneno matupu. Tuwe na meza 5, na kila meza iwe na msimulizi 1 na wachezaji 5. Vipindi viwe viwili, kila kimoja cha saa tatu: cha kwanza tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita, cha pili tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Hivyo tutakuwa na viti 25 kwa kila kipindi, yaani viti 50 kwa siku. Katika kila meza, viti 3 vigawiwe mapema kwa orodha, na viti 2 viachwe kwa wageni waliokuja bila kujiandikisha. Kwa siku nzima viti vya wageni vitakuwa 20. Saa ya kuanza ikifika na kiti cha mgeni kikiwa kitupu, mwanachama aliye katika orodha ya kungoja na akikalie. Kwa njia hii hapana kiti kitakachopotea, na hapana mgeni atakayeambiwa kwamba amechelewa kwa sababu tu hakuwa na rafiki wa kumwandikisha.

Mlangoni pawe na mwanachama mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, asicheze. Amwamkie kila aingiaye, amwulize kama amepata kucheza, ampeleke mpaka mezani na kumtaja jina kwa wenzake. Kazi hii yaonekana ndogo, na kwa hiyo hakuna aitakaye. Lakini mtu aliye peke yake akiachwa kusimama kwa dakika kumi kati ya watu wanaocheka, hurudi zake kwao, wala hamtamwona tena.

Wasimulizi nao wasisahauliwe. Mkutano waweza kukosa mapambo, waweza hata kukosa chai, lakini ukikosa wasimulizi umekwisha. Msimulizi mmoja akiugua asubuhi ile, watu watano wamekosa siku yao. Kwa hiyo yatupasa tuwe na wasimulizi 5 kwa kila kipindi, na juu ya hao wawili wa akiba waliokwisha kuisoma hadithi. Asiwepo msimulizi wa kushika vipindi viwili siku moja ikiwa yupo mwingine wa kumpokea, maana kusema kwa saa tatu huikausha sauti na kuichosha akili. Apewe maji, apewe chakula kabla ya wengine, na ashukuriwe mbele ya watu. Tena meza zisiwekwe zote katika ukumbi mmoja. Meza tano zikisimulia pamoja, kila msimulizi atapaza sauti kumshinda mwenziwe, na mwisho hatasikika hata mmoja. Tukiwaomba walimu wetu madarasa matano, shida hiyo itakuwa imekwisha.

Liko jambo jingine ambalo walimu na wazazi watapenda kulisikia. Hadithi yaweza kugusa jambo linalomwumiza mtu, kama vile msiba uliompata nyumbani, na msimulizi asijue. Kati ya marafiki jambo hili hujulikana; kati ya wageni halijulikani. Katika mikutano mingi ya leo huwekwa katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Mchezaji yeyote aweza kuigusa, na mara hiyo hadithi huliacha jambo lile na kupita njia nyingine, wala mtu haulizwi sababu. Ni utaratibu rahisi usiogharimu hata senti moja, nami nashauri tuufuate. Tukimwita mgeni aketi nasi, ni juu yetu kumlinda.

Wapo watakaosema kwamba naufanya mchezo kuwa jambo kubwa mno. Labda. Lakini nawaomba wafikiri juu ya siku yao ya kwanza katika shule hii. Kila mmoja wetu alifika hapa na sanduku lake, asijue bweni lake liko wapi wala nani wa kumwuliza. Wengine walipata mtu wa kuwaita mezani wakati wa chakula. Wengine walikula kimya kwa majuma mengi. Tofauti kati ya hao wawili haikuwa akili, wala haikuwa tabia. Ilikuwa ni neno moja tu, "Karibu," lililosemwa au lisilosemwa.

Wazee walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika mchezo huu maneno hayo ni kweli tupu, kwa maana msimulizi aliyezoea marafiki watano wale wale ajua tayari kila mmoja atajibu nini. Yule ataka kupigana, huyu ataka kufanya hila, na yule mwingine atangoja aone. Mgeni ndiye atakayeulizwa juu ya daraja lililokatika, naye atajibu neno ambalo hakuna aliyelitazamia, na hadithi itapata uhai mpya. Tukivijaza viti vyote wenyewe, tutakaohasirika kwanza ni sisi.

Kwa hiyo nakiomba chama chetu, kitakapokutana kukata shauri, kikubali viti viwili katika kila meza viwe vya wageni, na mtu mmoja awekwe mlangoni kuwapokea. Mwenye hoja ya kunipinga na aiandike katika toleo lijalo, nami nitaisoma kwa furaha.

Mwanachama wa Chama cha Michezo, Kidato cha Nne