Shahada ya sheria anayo, mbona bado si wakili?

Mzee mmoja wa Sikonge alitupigia simu kipindini na swali lililotukalisha kimya. Kijana wake alimaliza shahada ya sheria, nyumbani wakamchinjia mbuzi. Sasa kesi ya shamba la familia imefika Mahakama Kuu hapa Tabora, na kijana anasema hawezi kusimama kama wakili wa baba yake. "Sasa tumbaku yangu yote ile nilisomesha nini?"

Mzee wetu, kijana hakudanganyi. Tanzania shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikaanza kufundisha 2008, nayo iko Dar es Salaam. Akifaulu ndipo anaomba kuapishwa na Jaji Mkuu. Na si uwakili tu: hata nafasi za uhakimu na uanasheria wa serikali humtaka awe amepita hapo.

Hapo ndipo wengi hukwama. Oktoba 2022 yalitoka matokeo yaliyozua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, yaani sapu, na 265 waliondolewa, au kama wanavyosema wenyewe, walidisko. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza tatizo liko wapi.

Wapo waliosema vijana ni wavivu. Wapo waliosema shule inakomoa. Sisi tunaona pande zote mbili zinaruka jambo moja: hao 265 wote walikuja na shahada mkononi. Kuna chuo kiliwafundisha miaka mitatu au minne, kikawasahihishia mitihani, kikawavisha joho. Kama hawakuwa tayari, aliyepaswa kuwaambia ni nani, na lini?

Halafu kuna lugha. Kijana wa Kaliua au Urambo husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, na chuoni hivyo hivyo. Mitihani ya chuo anaweza kuipita kwa kukariri. Law School anapewa mkasa wa mteja na kuambiwa aandike hati ya madai, kwa Kiingereza, huku saa inakimbia. Kukariri hakumsaidii. Na tangu 2021 sheria inasema lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili! Tunamchuja kwa lugha ambayo mteja wake, mzee huyu wa Sikonge, hatamsikia akiitumia.

Hatusemi mtihani ulegezwe. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12; wakili asiyejua kuhesabu hiyo miaka anaweza kukupotezea shamba. Tunataka wakili anayejua kazi. Ila mchujo ukiwekwa mwisho wa safari, gharama inabebwa na mzazi ambaye ameshauza mavuno ya misimu kadhaa, na kijana anayesubiri sapu Dar es Salaam akiwa bado analipa kodi ya chumba.

Turudi kwa mzee, maana kesi haisubiri. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa bure. Wasaidizi wa kisheria wanaruhusiwa kukushauri na kukuelekeza, ila hawasimami mahakamani kukuwakilisha. Ukipata mtu anayejiita wakili, usimpe hela kwanza. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili; tafuta jina lake humo kwa simu yako, kwani vishoka wapo.

Kijana naye ana kazi ya kufanya. Apange nyaraka za shamba kwa tarehe, aandike majina ya mashahidi, amweleze baba yake kila hati inasema nini. Hayo hakuna anayemkataza. Ila akianza kuchukua hela za majirani na kujiita wakili kabla ya kuapishwa, naye ni kishoka, hata kama shahada yake ni halali.