Uzee Si Utoto wa Pili

Husemwa kuwa uzee ni utoto wa pili. Kauli hii hutolewa kama hekima, nayo ni uvivu wa fikira. Mtoto hajajifunza mpango wa kazi. Mzee anao, ila njia ya kuufikia imekuwa ndefu.

Na itazamwe kazi ya kutengeneza lubisi huko Kanazi, Bukoba. Ndizi huivishwa, humenywa, kisha hukanyagwa pamoja na nyasi. Maji yake huchujwa, ndipo hutiwa mtama uliosagwa ili pombe ichachuke. Hatua moja ikiruka mahali pake, kazi yote huharibika. Kupanga hatua hizi hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zinazopungua zaidi mtu azeekapo. Kwa hiyo mzee huchelewa kuanza, na akikatizwa kwa swali hupotewa na hatua inayofuata. Lakini kazi iliyozoewa kwa miaka 50 imehifadhiwa pia katika viini vya ndani vya ubongo, vitunzavyo mazoea. Asipoharakishwa, viungo vyake huukumbuka utaratibu.

Liko kosa jingine, baya kuliko hilo. Mzee amiminaye mtama juu ya ndizi zisizokamuliwa, leo na kesho na kesho kutwa, huambiwa ni uzee tu, au amerogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi. Hapana, huo waweza kuwa ugonjwa. Katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watu wa miaka 70 na zaidi walipimwa mwaka 2010, na ugonjwa wa kudhoofika akili ukaonekana kwa wapatao 6 katika kila 100. Kama ugonjwa huo ndio uzee wenyewe, wale 94 wameuepukaje?

Kagera ina deni kwa wazee wake. Ukimwi ulipogunduliwa mkoani humo mwaka 1983, kisha ukaua wazazi wengi, mabibi walianza kulea upya hali nguvu zimekwisha. Waliopanga mlo, shamba na masomo ya yatima hawakuwa watoto. Awaitaye watoto huwanyima mambo mawili: heshima ya kuachiwa kazi waiwezayo, na uangalizi wa ugonjwa walio nao. Mzee apewe muda. Mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kushindwa kuwatenganisha hawa wawili ni kosa la vijana, wala si la ubongo wa mzee.