Mkulima wa maharagwe Kakamega asiachwe katika kivuli cha mahindi

PENYE miti hapana wajenzi, walinena wahenga. Mjini Kakamega kuna kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) ambacho kwa miaka mingi kimezalisha aina bora za maharagwe. Hata hivyo, wakulima wengi wa kaunti hiyo wangali wanapanda mbegu walizobakisha ghalani au kununua sokoni kwa gorogoro, bila kujua zimebeba ugonjwa gani.

Suala hili si dogo. Katika miaka ya tisini, ugonjwa wa kuoza kwa mizizi, unaoletwa na viini vinavyoishi udongoni, uliharibu maharagwe Magharibi mwa Kenya hivi kwamba wakulima wengi waliachana na zao hilo. Watafiti wa kituo hicho, wakati huo kikiwa chini ya KARI, walijibu kwa kutoa aina zinazostahimili ugonjwa huo, zikiwemo KK8 na KK15. Herufi hizo zinasimamia jina la Kakamega. KK15 ina punje nyeusi, rangi isiyopendwa na wanunuzi wengi, lakini ilirejesha chungu cha maharagwe jikoni.

Kwa nini basi mbegu hizo ni adimu madukani? Jibu limo katika ua la mmea wenyewe. Mkulima wa mahindi chotara hulazimika kurudi dukani kila msimu. Maharagwe hujichavusha, hivyo aliyenunua mbegu mwaka huu anaweza kupanda mavuno yake kwa misimu kadhaa. Hiyo ni nafuu kwa mkulima, lakini kampuni ya mbegu haioni faida ya kutosha. Soko huru haliwezi kutarajiwa kuliziba pengo hilo peke yake.

Ruzuku nayo imeelemea upande mmoja. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya gunia la kilo 50 la mbolea hadi Sh2,500, hatua iliyostahili pongezi. Lakini mjadala mzima ulihusu mahindi. Maharagwe, ambayo kwa kawaida hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, hujitengenezea sehemu ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Yanachohitaji zaidi ni fosforasi, na udongo wenye asidi, ulioenea Magharibi, huifungia fosforasi hiyo. Bila kupima udongo na kutia chokaa, mkulima huenda akatumia pesa zake kwa mbolea isiyomfaa.

Mavuno yakipatikana, karo ya shule na fukusi humsukuma mkulima kuuza mara moja, wakati ambapo bei iko chini. Wapo wanaodai kwamba dawa ni kufunga mpaka wa Busia ili kuzuia maharagwe ya Uganda. Hilo litamuumiza mlaji maskini, ambaye nyama yake ni maharagwe, na kukiuka moyo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Afadhali mkulima wetu asaidiwe kupata magunia yasiyopitisha hewa, ili ahifadhi mazao bila kuliwa na wadudu na achague siku ya kuuza.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti majukumu mengi ya kilimo. Serikali ya Kakamega haihitaji kuunda taasisi mpya. Inaweza kununua mbegu za msingi kutoka KALRO, kuvipa vikundi vya wakulima, ambavyo vingi huongozwa na akina mama, ili vizizalishe chini ya ukaguzi wa KEPHIS, kisha kuweka chokaa katika orodha ya pembejeo za ruzuku.

Umoja wa Mataifa uliutangaza 2016 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mazao ya Jamii ya Kunde. Hotuba zilitolewa, mwaka ukapita. Mkulima wa Shinyalu au Lurambi hangojei hotuba nyingine. Anachotaka ni kilo chache za mbegu safi mkononi kabla mvua ya Machi haijanyesha.